Mji Mdogo wa Urusi: Nani Ameshika Karatasi Zako?

Vijana wengi wa Kiafrika wanaokwenda kusoma Urusi hawakai Moscow. Wanatua Moscow, wanabadilisha fedha, kisha wanapanda treni ya usiku au basi kuelekea Tambov, Ivanovo, Tver, Kursk au Penza, miji ambayo nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuitaja mpaka barua ya udahili ilipofika. Julai 2023, kwenye mkutano wa viongozi wa Urusi na Afrika uliofanyika St Petersburg, Rais Vladimir Putin alisema Waafrika wanaosoma nchini mwake ni karibu 35,000, na kwamba nafasi za ufadhili wa serikali kwa Afrika zingepita 4,700 katika mwaka wa masomo uliofuata. Safari hii ya mikoani si ngeni. Enzi za Umoja wa Kisovieti kila mtu alikijua Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, lakini wakati huohuo wanafunzi wengi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walikuwa wakipangiwa vyuo vya mikoani kusomea udaktari, kilimo na uhandisi. Voronezh iliwazoea wageni zamani. Ivanovo, mji wa viwanda vya nguo, una shule ya bweni ya kimataifa iitwayo Interdom tangu mwaka 1933, iliyoanzishwa kulea watoto wa wanamapinduzi wa nchi nyingine. Kwa hiyo anayetaka kujua Mwafrika anaishije Urusi asiishie kuangalia picha za Kremlin. Aangalie mikoani.

Mzazi anayemsindikiza mwanawe uwanja wa ndege huwa na hofu tatu: baridi, ubaguzi na vita. Zote zina msingi, na kila moja itapewa nafasi yake hapa. Lakini chini yake kuna jambo lisilozungumzwa sana, nalo ndilo linaloamua zaidi kama mgeni ataishi vizuri au ataumia: nani ameshika karatasi zake, na mmoja akimkatalia, wapo wangapi wengine anaoweza kuwaendea. Moscow, jiji la watu wapatao milioni 13, mwenye nyumba akikukataa unamtafuta mwingine, chuo kikikushinda unahamia kingine, na ubalozi wa nchi yako unaufikia kwa treni ya chini ya ardhi. Katika mji wa mkoani taasisi ileile moja mara nyingi ndiyo inayokufundisha, inayokupa kitanda, inayokuombea viza na inayokuandikisha kwa polisi. Kwa mgeni anayeweza kujisimamia, mji mdogo wa Urusi ni mahali panapokalika, pengine kuliko jiji kubwa. Kwa yule aliye mikononi mwa mtu mmoja, mji huohuo unaweza kumfunga, hata kama hakuna jirani aliyemtendea ubaya.

Tuchukue Tambov. Uko takriban kilomita 480 kusini-mashariki mwa Moscow, kando ya mto Tsna, katikati ya ukanda wa ardhi nyeusi yenye rutuba inayotoa ngano na alizeti. Una ukumbi wa michezo ya kuigiza, makanisa ya zamani, maghorofa ya Kisovieti ya sakafu tano yasiyo na lifti, na chuo kikuu chenye jina la Gavriil Derzhavin, mshairi aliyekuwa gavana wa eneo hilo mwishoni mwa karne ya 18, ambacho kinapokea Waafrika wengi. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta watu kama 280,000. Ya mwaka 2021 ikakuta kama 260,000. Habari ni hiyohiyo katika miji mingi ya kiwango hicho: vijana wenyeji wakimaliza shule wanafuata mishahara ya Moscow na St Petersburg, wazee wanabaki, na watoto wanaozaliwa ni wachache. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mgeni kuliko anavyodhani. Chuo kinahitaji ada yake ili madarasa yajae. Hospitali na viwanda vinahitaji mikono, kwani tangu mwaka 2024 kiwango cha watu wasio na ajira Urusi kimekaa kati ya asilimia mbili na tatu hivi, na waajiri wanalalamika kukosa watu. Mgeni wa mikoani haendi kuomba hisani. Anaziba pengo, na akilijua hilo mapema atajadiliana kama mtu mwenye kitu cha kutoa.

Baridi tuimalize mapema, kwa sababu inaogopwa kupita kiasi. Januari huko ni mwezi wa nyuzi hasi kumi hivi, na siku ya katikati ya Desemba ina mwanga wa saa saba tu au kidogo zaidi. Giza hilo huwachosha watu kuliko theluji yenyewe. Lakini nyumba zina joto. Maji ya moto hutoka kwenye mtambo wa mji, yanapita kwenye mabomba hadi kwenye kila chumba, na huwashwa kwa mji mzima wastani wa joto la nje ukiwa umeshuka chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo. Mpangaji hana swichi ya kuyapunguza, kwa hiyo katikati ya Januari utaona madirisha madogo ya juu yamefunguliwa ili watu wapumue. Chuoni na kliniki huingii na koti: unalikabidhi mapokezi, unapewa kibao chenye namba, na kliniki unavaa mifuko ya plastiki juu ya viatu ili usikanyage sakafu na matope ya theluji. Nyumbani kwa mtu unavua viatu mlangoni na kupewa ndara, jambo ambalo mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa. Nguo za baridi si lazima zitoke nyumbani. Huko huko zinauzwa bei nafuu na zinafaa zaidi. Aliyetoka Mombasa au Bukoba huizoea baridi ndani ya msimu mmoja. Karatasi ni kazi isiyokwisha.

Kila mgeni anayeingia Urusi hupewa kadi ya uhamiaji mpakani, na ndani ya siku saba za kazi lazima aandikishwe mahali anapoishi. Hapo ndipo penye uzito: hajiandikishi mwenyewe. Anayepeleka taarifa ni mwenyeji wake, yaani chuo ikiwa analala bwenini, hoteli ikiwa amepanga chumba hapo, au mwenye nyumba ikiwa amekodi. Akihama kutoka bwenini kwenda nyumba ya kupanga, taarifa inaandikwa upya. Wenye nyumba wengi hawapendi kwenda kuandikisha mgeni, wengine kwa kukwepa kodi, wengine kwa kuogopa maswali ya polisi, na mwanafunzi aliyepata chumba cha bei nafuu hujikuta anaishi mahali ambapo kwa sheria hayupo. Viza ya kwanza ya masomo mara nyingi ni ya miezi mitatu. Chuo ndicho kinachoomba iongezwe, na kwa muda wa wiki kadhaa pasi ya mwanafunzi inaweza kuwa ofisini badala ya mfukoni mwake. Anayekaa kwa muda mrefu hupimwa afya, pamoja na kipimo cha virusi vya UKIMWI, na kuchukuliwa alama za vidole. Akikutwa na virusi, kwa kawaida anaamriwa kuondoka nchini, isipokuwa wachache kama wenye familia ya Kirusi. Jambo hili familia ilijue kabla ya kuuza shamba ili kulipa ada.

Chuo kikimfukuza mwanafunzi, kwa kukosa ada au kwa kufeli, kinalazimika kuijulisha idara ya uhamiaji, na viza yake hukatishwa. Tangu Februari 2025 mgeni ambaye kibali chake kimekwisha huingizwa kwenye daftari maalumu la serikali la watu wanaofuatiliwa. Aliyeandikwa humo hawezi kufungua akaunti ya benki, kuendesha gari wala kufunga ndoa mpaka arekebishe mambo yake au aondoke. Sheria hizi hazikutungwa kwa kuwalenga Waafrika; zilikazwa hasa baada ya shambulio la kigaidi kwenye ukumbi wa tamasha wa Crocus karibu na Moscow, Machi 2024, na wanaobanwa zaidi ni wafanyakazi kutoka Tajikistan, Uzbekistan na Kirgizia, ambao ndio wageni wengi zaidi katika miji hiyo. Lakini sheria haichagui pasi. Na katika mji wenye ofisi moja ya uhamiaji, karani aliyekuambia urudi Alhamisi ndiye utakayemkuta Alhamisi.

Kwa sababu hiyo lugha ya Kirusi mkoani ndiyo inayomtoa mgeni mikononi mwa wengine. Kwa kawaida mwanafunzi asiyeijua huanza na mwaka mmoja wa maandalizi, ambao wanafunzi wote huuita podfak, ili afikie kiwango cha kwanza cha mtihani wa serikali ndipo aingie shahada. Mwaka huo wengi huuona kama foleni ya kusubiria masomo yenyewe. Ni mwaka wenye faida kuliko yote inayofuata. Tazama kitu kidogo kama marshrutka, basi dogo la abiria linalopita kila mtaa. Anayejua daladala au matatu ataielewa upesi, ila haina konda: aliyekaa nyuma anampa nauli aliye mbele yake, inapita mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji inarudi kwa njia ileile. Katika miji mingi gari halisimami mpaka abiria apaze sauti kutaja anaposhukia. Mgeni asiye na maneno hayo machache anapitishwa kituo, anashuka mbali, na kesho yake anachukua teksi au anabaki bwenini. Ukizidisha hali hiyo kwa duka la dawa, benki, kinyozi na fundi wa bomba, unapata mtu anayeishi mjini miaka sita akiwa na rafiki mmoja wa kumtafsiria. Rafiki huyo akihitimu, mji unamfungia.

Heshima nayo ina utaratibu wake, na mtoto wa Kiswahili ana mtaji hapo. Mwalimu, daktari au ofisa wa makamo haitwi kwa jina lake tu. Huitwa kwa jina lake likifuatiwa na jina lililotokana na la baba yake, na anayesemeshwa kwa heshima hupewa kiwakilishi cha wingi. Kijana aliyelelewa kuamkia wakubwa hashangai kwamba kuna njia moja ya kusema na profesa na nyingine ya kusema na mwenzake. Kinachomshangaza ni uso. Mtu asiyekujua hakuchekei barabarani, karani hakusalimii kwa bashasha, na majirani walioketi kwenye benchi mbele ya ngazi wanakutazama bila kusema neno. Wageni wengi husoma chuki pale ambapo hakuna chuki. Wiki kadhaa baadaye bibi yuleyule wa kwenye benchi anakuuliza umekula nini na kwa nini hujavaa kofia, na ukimjibu kwa Kirusi, hata cha kubahatisha, jengo zima litajua jina lako jioni ile.

Wapo watakaosema lugha si lazima, kwa kuwa vyuo vingi vya mikoani sasa vinafundisha udaktari kwa Kiingereza. Ni kweli vinafundisha. Chuo cha tiba cha Kursk kilitangulia katika jambo hilo miaka ya 1990, kikawavuta Wamalaysia na Wahindi, na vingine vikafuata, kikiwemo cha Tver na kitivo cha tiba cha Tambov. Lakini mgonjwa aliye wodini Tambov hakusoma kwa Kiingereza. Kuanzia mwaka wa tatu hivi mwanafunzi anatakiwa kumsikiliza mzee anayeeleza maumivu ya kifua, na kama hamwelewi, anasimama nyuma ya mwalimu akinakili. Anarudi nyumbani na shahada ambayo sehemu yake ya vitendo aliiona kwa mbali, kisha anakutana na mtihani wa baraza la madaktari la nchi yake. Kozi ya Kiingereza inamrahisishia kuingia na inamgharimu kila kinachofuata. Nje ya darasa ni vilevile: mkataba wa bweni, barua ya madai ya ada na tangazo la polisi havina nakala ya Kiingereza.

Fedha nazo zinahitaji mtu anayejua kuuliza. Visa na Mastercard zilisitisha shughuli zake Urusi Machi 2022, hivyo kadi iliyotolewa na benki ya Nairobi au Dar es Salaam haifanyi kazi kule. Wengi huingia na dola taslimu na kuzibadilisha, kisha wanafungua akaunti ya benki ya Kirusi yenye kadi ya Mir na kutumiana pesa kwa namba ya simu, mfumo ambao aliyezoea M-Pesa anauelewa papo hapo. Laini ya simu imekuwa ngumu zaidi: tangu mwaka 2025 mgeni lazima ajisajili kwa sura na sauti, na awe na akaunti kwenye tovuti ya huduma za serikali. Mlolongo huu unaunganishwa kwa ncha: bila uandikisho hakuna laini, bila laini hakuna benki, bila benki karo ya kutoka nyumbani haifiki. Anayeshikilia ncha ya kwanza ameshika zote. Maisha yenyewe, yakishapangika, si ghali. Kodi ya nyumba ni ndogo sana ukilinganisha na Moscow, duka la Pyaterochka au Magnit liko kila kona, bidhaa za mtandaoni za Wildberries na Ozon zinachukuliwa kwenye vibanda vya mtaani, na mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka bwenini hadi sokoni.

Mfano unaoonyesha hatari ya kumtegemea mtu mmoja kwa uwazi usiopingika ni Yelabuga. Ni mji wa Tatarstan, wa watu wasiofika 80,000, kwenye mto Kama, karibu kilomita 1,000 mashariki mwa Moscow. Warusi wanaujua kama alikozaliwa mchoraji Ivan Shishkin na alikofia mshairi Marina Tsvetaeva mwaka 1941. Wasichana wa Afrika Mashariki wameujua kwa jina la Alabuga Start, mpango ulionadiwa kwenye mitandao ya kijamii ukiwaahidi vijana wa kike wa miaka 18 hadi 22 tiketi ya ndege, mshahara na mafunzo ya kazi kama za hoteli na upishi. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilieleza kwamba takriban wasichana 200 kutoka nchi kama Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini, Sierra Leone na Nigeria walikuwa wakifanya kazi kwenye kiwanda cha kuunganisha droni za kivita, wengine wakilalamika kwamba waliyoahidiwa siyo waliyoyakuta, na kwamba kemikali za kazini ziliwaunguza ngozi. Aprili mwaka huohuo droni za Ukraine zilikuwa zimeshambulia eneo hilo na kugonga bweni.

Angalia jinsi mpango ule ulivyofungwa. Mwajiri ndiye aliyelipa tiketi, ndiye mwenye bweni, ndiye aliyeandikisha wakazi, ndiye mwenye darasa la Kirusi na ndiye mwenye mshahara. Msichana akitaka kuacha kazi anapoteza, kwa siku moja, kitanda, kipato na uhalali wa kuwepo nchini, akiwa mbali kabisa na balozi yoyote ya Afrika Mashariki. Ingekuwa kiwanda hichohicho kiko kwenye kitongoji cha Moscow, uovu wa kudanganywa ungebaki palepale, lakini wa kukimbilia wangekuwapo. Ndiyo maana si haki kuwalaumu wasichana hawa kwa kutosoma maandishi madogo. Mwenye kustahili lawama ni aliyejua atawafungaje, na maofisa wa nchi zao waliopigia debe nafasi hizo bila kuuliza kiwanda kinatengeneza nini.

Upande wa pili uko Novozavidovo, mji mdogo katika mkoa wa Tver, karibu kilomita 100 kaskazini mwa Moscow. Jean Gregoire Sagbo, mzaliwa wa Benin, alifika Umoja wa Kisovieti mwaka 1982 kusoma uchumi, akaoa, na mwaka 1989 akahamia huko. Mwaka 2010 wakazi walimchagua diwani, na vyombo vya habari vikamtaja kuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye wadhifa kama huo Urusi. Kabla ya kura alikuwa tayari anafagia na kupaka rangi ngazi za jengo lake, anapanda maua, anatoa fedha zake kwa ajili ya barabara na kukusanya watu wa kuzoa takataka. Watu waliohojiwa wakati huo hawakuzungumzia Afrika. Walizungumzia mabomba ya joto, ziwa lililochafuka na dawa za kulevya zilizokuwa zikiwamaliza vijana wao, na wakasema huyu ni mtu wanayemwamini. Mwaka mmoja kabla yake, Joaquim Crima kutoka Guinea-Bissau, muuza matikiti, aligombea uongozi wa wilaya ya Srednyaya Akhtuba karibu na Volgograd na akashindwa. Mmoja alishinda, mwingine hakushinda. Wote wawili walisimama kwa sababu walikuwa na lugha, familia na riziki ambayo hakuna ofisa mmoja angeweza kuwanyang'anya.

Pingamizi zito zaidi ni la ubaguzi, na halijibiki kwa mfano wa mtu mmoja aliyefanikiwa. Desemba 1963 mwanafunzi wa Ghana, Edmund Assare-Addo, aliyekuwa akisomea udaktari Kalinin, mji ambao leo unaitwa Tver, alikutwa amekufa kando ya barabara nje ya Moscow. Mamia ya wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Red Square, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika nchi ile. Februari 2004 mwanafunzi wa Guinea-Bissau alichomwa visu hadi kufa Voronezh, na mwaka uliofuata akauawa mwanafunzi wa Peru katika mji huohuo. Kituo cha utafiti cha SOVA, ambacho mahakama ilikivunja mwaka 2023, kilihesabu zaidi ya watu 100 waliouawa kwa chuki ya kibaguzi mwaka 2008 pekee. Baadaye serikali iliyasambaratisha magenge ya vijana wabaguzi walionyoa vipara na mauaji yakapungua sana, lakini tangu mwaka 2023 mashambulizi yameanza kuongezeka tena. Matangazo ya nyumba yaliyoandikwa kwamba ni kwa ajili ya Waslavu tu yalikuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi.

Mwenye kisu hasomi kiwango chako cha Kirusi kabla ya kukushambulia, na hakuna anayepaswa kumwambia kijana kwamba akijifunza lugha atakuwa salama. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho na kina ushahidi zaidi. Ubaguzi wa kila siku mkoani, ule wa chumba kukosekana mara mwenye nyumba anaposikia lafudhi yako au askari kukusimamisha kituo cha basi, unaumiza zaidi pale ambapo huna njia ya pili. Mwenye Kirusi ataandika malalamiko, atamwita mwalimu wake kwa simu, atamjua jirani wa kutoa ushahidi. Katika mji mdogo, baada ya muda, anajulikana kwa jina lake, na ulinzi wa mtu anayejulikana ni wa kweli ingawa haukamiliki. Asiyejulikana huko yuko pabaya kuliko asiyejulikana Moscow.

Kwa nini basi asiende Moscow moja kwa moja? Kwa wengine Moscow ni bora: anayehitaji ubalozi mara kwa mara, mwenye biashara, au anayekwenda kwa mwaka mmoja na hana mpango wa kujifunza lugha. Huko kuna jamii za Wakenya, Watanzania na Wakongo, na mtu anaweza kumaliza wiki bila kusema Kirusi cha kueleweka. Hilo ndilo linalomdhuru mwanafunzi wa miaka sita. Chumba ni ghali, safari ya kwenda darasani inakula saa nzima au zaidi, na kazi za kujikimu zinamvuta kutoka kwenye vitabu. Mkoani mwalimu anakujua kwa jina, ukikosa siku mbili anauliza uko wapi, na huna wa kuzungumza naye ila wenyeji. Lugha hukua haraka pale ambapo hakuna njia ya kuikwepa.

Kuhusu vita, mji mdogo hauko mbali nayo kama zamani. Agosti 2024 majeshi ya Ukraine yaliingia mkoa wa Kursk. Kotovsk, jirani kabisa na Tambov, una kiwanda cha baruti kilichoshambuliwa kwa droni, na mwaka 2025 intaneti ya simu ilianza kuzimwa mikoani kwa saa au siku kwa sababu ya tahadhari dhidi ya droni. Zaidi ya mabomu, kuna mikataba ya jeshi. Januari 2023 serikali ya Tanzania ilithibitisha kifo cha kijana wake aliyekwenda kusoma Moscow, akahukumiwa kifungo, akakubali kupigania kundi la mamluki la Wagner kwa ahadi ya kuachiwa huru, na akafa Ukraine Oktoba 2022. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilisema zaidi ya Wakenya 200 huenda wameingizwa kwenye jeshi la Urusi. Mtu anayeshawishika kirahisi kusaini mkataba wa lugha asiyoisoma ni yule ambaye kibali kimekwisha, ada imemshinda na anasubiri kuondolewa. Siwezi kumshauri kijana aende mikoa ya mpakani ya Kursk au Belgorod leo, hata bure.

Anayekwenda kwingine ana haki ambazo wengi hawazijui. Tangu mwaka 2020 mwanafunzi anayesoma muda wote anaweza kufanya kazi bila kibali tofauti cha kazi. Tangu Januari 2023 anaweza kuomba kibali cha kuishi kwa muda kwa ajili ya masomo, ambacho kinadumu masomo yakiendelea na siku 180 baada ya hapo, na kwa kuwa na kibali hicho haishi tena kwa kusubiri chuo kimwombee viza upya. Chuo kinachowajali wanafunzi wake huwaeleza haya wiki ya kwanza. Balozi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ziko Moscow, na kazi ya kuwafikia walioko mikoani imeachiwa vyama vya wanafunzi, ambavyo vinachangishana nauli ya kumtembelea mwenzao mgonjwa. Wizara za elimu zinazosaini mikataba ya ufadhili na Urusi zinaweza kudai, ndani ya mikataba hiyohiyo, mwaka kamili wa lugha kwa kila mwanafunzi pamoja na wale wa kozi za Kiingereza, mkataba wa bweni ulioandikwa kwa lugha anayoisoma, na ofisa wa ubalozi anayezuru kila mji wenye wanafunzi wake angalau mara moja kwa mwaka. Na mzazi aliyeletewa fomu na wakala anaweza kumuuliza, kabla ya kulipa, mtoto atakaa mji gani, nani atamwandikisha, pasi yake itakaa kwa nani, na akitaka kuacha atarudi kwa tiketi ya nani.